Kamera Nyepesi, Lenzi Nzito: Mwongozo Kamili wa Kuchagua Gripu, Mkanda na Stendi

Shika kamera isiyo na kioo cha ndani (mirrorless) bila lenzi na utadhani umeshika kitu cha kuchezea. Sony a7 III ikiwa na betri na kadi ndani ina gramu 650 tu. Sasa ifunge lenzi ya Sony 24-70 mm f/2.8 GM ile ya kwanza, yenye gramu 886. Lenzi imeshaipita kamera kwa uzito. Ukiweka 70-200 f/2.8 GM ya kwanza, gramu 1,480, jumla inavuka kilo mbili na flashi bado iko begini.

Kamera hizi zilipoanza kuingia sokoni mwaka 2008, Panasonic walipotoa Lumix G1, sifa kubwa iliyotangazwa ilikuwa udogo. Na kweli, toa kioo cha ndani na kile kichuguu cha juu cha kuchungulia, kiwiliwili kinapungua. Ila lenzi ya f/2.8, yenye tundu pana la mwanga, inayofunika kihisi kikubwa kinachonasa picha, inahitaji vioo vipana, na vioo vina uzito wake. Kwa hiyo tumebaki na mwili mwembamba wenye pa kushika padogo, na mzigo wote umehamia mbele.

Napiga harusi, sendofu na kicheni pati Dar es Salaam. Miaka ya mwanzo nilinunua vifaa kwa mkumbo: fulani kanunua gripu (kipande cha kuongezea pa kushika), na mimi ninunue. Siku hizi kila kifaa nakiuliza swali moja tu kabla ya kutoa hela: uzito huu unautoa wapi na unaupeleka wapi? Mwongozo huu wote umesimama juu ya swali hilo.

Hatua ya 1: Pima kwenye mzani

Usikisie. Chukua kamera na lenzi unayoitumia zaidi, siyo ile unayoiota, nenda nayo kwa muuza duka mwenye mzani au tumia mzani wa jikoni. Andika namba. Kisha ongeza flashi, maiki, kadi na mkanda, upime tena. Wengi hushangaa hapo.

Baada ya mzani, fanya jaribio la pili. Weka kamera na lenzi yake juu ya vidole viwili, uvisogeze taratibu mpaka kamera isianguke upande wowote. Vidole vilipo ndipo uzito ulipo. Kwa lenzi ndogo kama 50 mm f/1.8, vidole vitakuwa chini ya kamera. Kwa 24-70 vitahamia kwenye pipa la lenzi. Kwa 70-200 vitakuwa mbele kabisa, karibu na ule mguu wa lenzi (kipande kinachotokeza chini ya pipa lake), na mguu huo watengenezaji waliuweka pale kwa sababu hiyo hiyo.

Uzito ukikaa kwenye kamera, tatizo lako huenda ni kiganja tu na gripu ndogo inatosha. Ukikaa kwenye lenzi, gripu peke yake haitakuponya. Mkono wa kushoto chini ya lenzi ndio unaobeba, wa kulia unaelekeza na kubonyeza. Nimeona vijana wengi wananunua gripu ya bei kubwa huku mkono wa kushoto umeshika ubavu wa kamera kama anayeshika sahani.

Hatua ya 2: Sikiliza kidole cha mwisho

Shika kamera kama unayepiga. Angalia kidole chako kidogo cha mwisho. Kina pa kukaa, au kinaning'inia hewani chini ya kamera? Kikining'inia, vidole viwili vinafanya kazi ya vitatu, na kidole gumba nyuma kinalazimika kubana kufidia. Baada ya saa tatu za sherehe, maumivu yanaanzia chini ya kidole gumba na kupanda mpaka kwenye kifundo cha mkono.

Dawa ya kidole kinachoning'inia ni kipande cha kuongeza kimo. Kinafungwa chini kwa skrubu ya stendi, hakina betri wala waya. Kinaongeza sentimita moja au mbili, kidole kinapata sakafu. Sony waliwahi kutengeneza cha kwao, GP-X1EM, na kampuni kama SmallRig zina vyao kwa kamera nyingi, tena baadhi vina mbao au mpira upande wa kushikia. Kwa kamera ndogo za familia ya a6000, au Canon R50 yenye gramu 375, hiki ndicho kifaa cha kwanza ningekununulia.

Angalia mambo mawili kabla hujalipa. Mlango wa betri ufunguke bila kukifungua kifaa, na pawe na tundu jingine la skrubu kwa chini ili stendi isikukatae.

Kuna kile cha kidole gumba pia, kinachochomekwa juu pale pa flashi. Kinasaidia kweli kwa kamera bapa zisizo na nundu nyuma. Ila kikikaa pale, flashi haina nafasi wala maiki. Kwa anayepiga mitaani mchana ni sawa. Kwa mpiga harusi ni pambo.

Hatua ya 3: Gripu ya betri, na nani asiinunue

Hii ndiyo gripu ambayo mteja akiiona anasema, "Huyu ana kamera kubwa." Siwezi kukataa kwamba heshima hiyo ina faida yake mlangoni mwa ukumbi. Lakini tuiangalie kwa kazi yake.

Faida ya kwanza ni kitufe cha kupigia na gurudumu upande wa pili, ili picha ya wima usiipige kiwiko kikiwa juu kama bawa la kuku. Ukipiga picha za watu wamesimama siku nzima, bega lako litakushukuru. Faida ya pili ni betri mbili. Betri moja ya NP-FZ100 kwenye a7 III imepimwa kupiga picha 710 kwa skrini, kwa hiyo betri mbili zinamaliza harusi ya kanisani mpaka ukumbini bila kubadilisha. Faida ya tatu haisemwi sana: gripu inaongeza uzito nyuma na chini, hivyo lenzi nzito haivuti mbele kama awali. Jumla inaongezeka, lakini kifundo cha mkono kinapata shida kidogo kuliko awali.

Hasara ni kwamba sasa umeongeza zaidi ya robo kilo, na kamera iliyokuwa inaingia begi la bega inahitaji begi jingine.

Gripu za betri hazishirikiani. VG-C3EM ni ya a7 III, a7R III na a9 ya kwanza. VG-C4EM ni ya a7 IV na wenzake. BG-R10 ya Canon inaingia R5 na R6. Na usidhani kamera mpya lazima iwe na yake: Fujifilm X-T4 ina gripu ya betri, X-T5 iliyofuata haina kabisa. Nimemwona mtu ameinunua ya X-T4 kwa bei ya kutupa akitumaini itaingia. Haiingii.

Ukinunua iliyotumika, fungua uangalie pini za shaba: ziwe zinang'aa, zisiwe na kijani. Bonyeza kila kitufe ikiwa imefungwa kwenye kamera yako, siyo kwenye kamera ya muuzaji. Halafu kuna suala la mlango. Kufunga gripu ya a7 III unauvua mlango wa betri wa kamera, na ndani ya gripu kuna mfuko wake wa kuuhifadhi. Wengi huuweka mezani, fundi wa mapambo anafagia, umekwenda. Kamera bila mlango wa betri haiuziki kwa bei nzuri. Mimi naufunga mlango kwanza kwenye mfuko wake ndipo naendelea na kingine.

Asiyehitaji gripu ya betri: anayepiga video zaidi, anayesafiri kwa miguu, na mwenye mkono mdogo ambaye hata kamera tupu anaiona pana.

Hatua ya 4: Bamba la L

Kama unatumia stendi na unapiga wima mara kwa mara, hapa ndipo hela inapokwenda mahali pake. Bila bamba hili lenye umbo la herufi L, linalofungwa chini na ubavuni mwa kamera, kupiga wima kwenye stendi maana yake ni kukilaza kichwa cha stendi ubavuni. Kamera inaning'inia nje ya miguu, stendi inaegemea, na skrubu ya chini inaanza kulegea kwa uzito wa lenzi. Bamba la L lina upande wa chini na upande wa kushoto. Unaitoa kamera, unaizungusha, unaifunga tena, na uzito umebaki palepale katikati ya miguu mitatu.

Ubaya wake ni kwamba upande wa kushoto wa kamera nyingi ndiko kuliko na tundu za maiki, hedifoni na HDMI, na ndiko skrini inakofungukia. Nenda dukani na kamera. Fungua skrini mpaka mwisho, ichomeke waya wa maiki, uone kama bamba linagusa. Bamba linalotengenezwa kwa kamera yako mahususi hukaa bila kuzunguka. Yale ya kamera zote huzunguka tu, hata ukikaza vipi.

Hatua ya 5: Mkanda

Mkanda wa shingoni uliokuja kwenye boksi unaweka kilo mbili kwenye pingili za shingo. Uhamishie begani kwa mkanda wa kuvuka kifua, wenye pedi pana, unaoteleza. Mkanda wa kiganja ni mzuri kwa kamera ndogo, lakini kwa 70-200 unageuza mkono kuwa kulabu.

Ukiwa na lenzi yenye mguu, mkanda ufungwe kwenye mguu wa lenzi, siyo kwenye masikio (vile vitundu vya mkanda) ya kamera. Kingine: mkanda unaofungwa kwa skrubu moja chini ya kamera ukague kila siku. Kutembea kunaulegeza kidogo kidogo.

Hatua ya 6: Stendi ya miguu mitatu

Swali la kwanza dukani huwa inabeba kilo ngapi. Muuzaji atakuambia, "Kaka, hii inabeba kumi!" Namba hiyo kila mtengenezaji anaipima kwa njia yake. Chukua uzito ulioandika Hatua ya 1, uzidishe mara tatu, na stendi isiandikwe chini ya hapo. Kisha isahau namba na uijaribu mwenyewe.

Jaribio langu ni hili. Fungua miguu yote mpaka mwisho, nguzo ya kati ikae chini. Weka kamera na lenzi ndefu uliyonayo, washa skrini na uvute picha kwa kukuza, uelekeze kwenye maandishi ya kibao cha duka la ng'ambo ya barabara. Gonga mguu mmoja kwa kidole. Hesabu mpaka maandishi yatulie. Stendi nzuri inatulia kabla hujamaliza kusema "moja". Ile mbovu inacheza kama mnazi wa Kigamboni wakati wa kusi. Halafu shika kichwa chake kwa mikono miwili, ukisokote kulia na kushoto. Mchezo wowote unaousikia mkononi utauona kwenye picha.

Miguu ya vipande vinne inakunjwa fupi, inaingia kwenye sanduku, lakini kipande cha mwisho ni chembamba kama kalamu. Vitatu ni imara zaidi. Kaboni ni nyepesi na inanyonya mtikisiko kuliko alumini, ila bei yake si ndogo, na stendi nyepesi mno kwenye upepo inahitaji begi lining'inizwe kwenye ndoano ya katikati. Lining'inize karibu na ardhi, ligusane nayo kidogo, vinginevyo begi lenyewe linakuwa pendulamu.

Nguzo ya kati ni mtego. Ukiipandisha yote, una mguu mmoja juu ya mitatu. Kwa hiyo kimo cha stendi kipimwe nguzo ikiwa chini: kamera ikaribie jicho lako.

Kichwa kinategemea kazi. Cha gololi kinafaa picha: unalegeza, unaelekeza, unakaza. Cha mafuta ni cha video, kwa sababu kinageuka taratibu bila kurukaruka. Kichwa kimoja kinachodai kufanya yote mawili kwa bei ya chai, kiache.

Na ukishaweka kamera kwenye stendi kwa picha za mwanga mdogo, zima kitulizi (kinachopunguza mtikisiko) cha ndani ya kamera na cha lenzi, utumie kuchelewesha kwa sekunde 2 ili kidole chako kisiitikise. Kitulizi kinatafuta mtikisiko. Baadhi ya kamera zikiukosa zinauzua zenyewe. Ukishika mkononi, kiwashe, lakini usisahau kanuni ya zamani: kasi ya shata (muda kamera inaopokea mwanga) isiwe chini ya urefu wa lenzi, yaani 1/200 ya sekunde kwa lenzi ya 200 mm. Kitulizi kinatuliza mkono wako, hakimtulizi bibi harusi anayecheza.

Hatua ya 7: Pale vinapoungana

Hapa nitakaa, kwa sababu hapa ndipo kamera zinapoanguka.

Skrubu inayoingia chini ya kamera ni ya robo inchi, karibu milimita 6.35, yenye meno 20 kwa inchi. Ile nene ya inchi 3/8 ni ya kuunganisha kichwa na miguu. Kuna bushi ndogo ya kubadilisha moja kuwa nyingine. Kaa na mbili begini. Urefu nao ni muhimu: Sony katika miongozo yao wanataka skrubu isiyofika milimita 5.5. Ukiingiza ndefu kwa nguvu, unaweza kuumiza ndani ya kamera. Skrubu ikigoma, toa, usisukume.

Juu ya kichwa kuna bamba la kufungia. Mtindo uliotapakaa ni wa Arca, wenye upana wa takriban milimita 38 na kingo zilizolala. Uzuri wake ni kwamba gripu, bamba la L, mguu wa lenzi na stendi vinaweza kuongea lugha moja. Ubaya ni kwamba "Arca" ya kampuni hii na ya ile hupishana kwa nywele. Kibanio cha kukaza kwa kuzungusha kinafidia tofauti hiyo. Kile cha wenzo wa kubonyeza mara moja ni cha haraka, lakini bamba likiwa jembamba kidogo, linashikwa kwa macho tu.

Nililipia somo hilo kwenye sendofu moja. Stendi ya kuazima, bamba langu. Liliingia, likakaa, wenzo ukalala, moyo ukatulia. Bibi harusi alipoanza kuingia na muziki ukapanda, nikaachia kamera niongeze nguvu ya flashi. Nikaiona 70-200 inateleza mbele polepole, kama mtu anayesinzia kwenye daladala. Kijana wa muziki akaudaka mkanda. Kivuli cha lenzi (ile kofia ya mbele ya kuzuia mwanga wa pembeni) kilipasuka, lenzi ilipona. Tangu siku hiyo nikifunga kamera kwenye stendi sitoi mkono kabla sijafanya mambo matatu: naivuta juu, naisukuma mbele, naizungusha. Ikicheza popote, haijafungwa. Na zile skrubu ndogo mbili za pembeni mwa bamba, ambazo watu huzitoa kwa sababu zinasumbua kuingiza, zirudishe. Kazi yake ni kuzuia mteremko ule ule.

Lenzi ikiwa na mguu wake, funga mguu wa lenzi kwenye stendi, siyo kamera.

Hatua ya 8: Kwa wanaopiga video

Gimbali, kile kipini cha kutuliza kamera ukitembea, nayo ni mzani tu wenye mota. DJI RS 3 Mini, iliyotoka mwaka 2023, inabeba hadi kilo 2. Kamera yetu ya mwanzoni, a7 III, pamoja na 24-70 ni gramu 1,536, inaingia. Ikiwa na 70-200, haiingii. Kabla hujaiwasha, isawazishe mpaka kamera ikae popote utakapoielekeza bila umeme. Mota zikianza kuunguruma, usilaumu gimbali, rudia kusawazisha. Gripu ya betri itoe. Kamera inakuwa ndefu na kugonga mkono wa gimbali.

Kwa anayejirekodi mwenyewe, kipini kidogo chenye miguu inayofunguka, kama GP-VPT2BT ya Sony kinachowasiliana kwa bluetooth, kinatosha. Stendi kubwa ibaki nyumbani.

Kwa safari: mfuko wa mchele

Ndani ya gari la utalii, Mikumi au Serengeti, stendi haina pa kukaa. Mpelekee fundi cherehani kipande cha jinzi kuukuu, akushonee mfuko wenye zipu, upana wa mto mdogo wa mtoto. Unasafiri nao mtupu, unaujaza mchele au maharage ukifika, unauweka kwenye ukingo wa paa au dirishani, na lenzi inalala juu yake. Mchele unajipanga vizuri zaidi chini ya lenzi, ila ukilowa umekwisha. Mwombe dereva azime injini, maana gari linalonguruma linaitikisa lenzi kupitia mfuko huo huo. Nimebeba vichwa vya gharama kubwa na bado kwa simba aliyelala kivulini nitauchagua huu.

Hatua ya 9: Ukitoka ufukweni

Ukipiga picha Coco Beach, fungua kwanza vipande vya chini kabisa vya miguu, vile vyembamba, ili viungo vibaki juu ya mchanga na maji. Watu hufanya kinyume. Ukifika nyumbani, suuza miguu kwa maji ya bomba ikiwa imefunguliwa, iache ikauke hivyo hivyo. Kiungo cha kuzungusha kikianza kukwaruza, kifungue, kifute, kipake grisi kidogo. Cha klipu kikilegea, kuna skrubu ya kukaza ubavuni mwake.

Na kwenye mfuko wa betri weka alenki (ufunguo wa skrubu za pembe sita) inayoingia bamba lako pamoja na sarafu ya shilingi mia, maana mabamba mengine yana mfereji tu wa kukazia. Zikague skrubu zote kabla ya kutoka nyumbani, siyo mlangoni mwa ukumbi wakati magari ya maharusi yanapiga honi.